Barua Zilizofungiwa Karanga

Wengi wetu tunaopita kila siku katika barabara ya Msimbazi, tukipishana na mikokoteni na wachuuzi wa mitumba, hatukumbuki kwamba katika mji huu huu, kati ya mwaka 1922 na 1926, kijana mmoja aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga alisoma katika Shule ya Msimbazi, na alipohitimu alikuwa wa pili kati ya wanafunzi 11 waliopata cheti. Kijana huyo ni Shaaban Robert. Upande wa Makumbusho ya Taifa upo mtaa wenye jina lake, na Upanga ipo shule ya sekondari iitwayo kwa jina hilo hilo. Lakini leo, ndugu msomaji, habari za vibao vya mitaa nawaachia wengine. Nataka kusimulia habari za barua: zake yeye zilizosalia, na zetu sisi ambazo hazikusalia kwa sababu yangu mimi.

Nilikuwa karani bandarini kwa miaka 31. Shaaban Robert alipotoka shule mwaka 1926 aliingia kazi ya forodha, akawa karani kwa miaka 18, sehemu kubwa ya miaka hiyo akiwa Pangani. Kwa hiyo siku ya mtu yule naifahamu kwa mgongo wangu kuliko ninavyoifahamu kwa kusoma. Karani wa shehena huamka kabla ya jua. Huishika orodha, akalinganisha alama za magunia na alama za karatasi, akahesabu, akabishana na nahodha, akahesabu tena. Hesabu ile ile huiandika mara tatu, maana nakala moja ni ya mkubwa wa kazi, moja ya mwenye mali, na moja hubaki jaladani. Ikifika jioni vidole vimejaa wino na kichwa kimejaa tarakimu. Mtu wa namna hiyo akirudi nyumbani hutamani chai na kitanda, wala hataki kuiona kalamu mpaka kesho yake. Mimi ndivyo nilivyokuwa. Yeye alirudi nyumbani akaishika kalamu ile ile.

Mwaka 1944 alihamishiwa Mpwapwa. Mwaka 1946 akarudi Tanga, katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Mwaka 1952 akaingia ofisi ya upimaji ardhi, akakaa huko hadi mwaka 1960. Katika miaka hiyo ya mihuri na majalada ndipo ilipotoka Pambo la Lugha, ikafuata Kusadikika mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka 1952. Alipoacha kazi ya ofisi ili aandike kwa nafasi, umri ulimpa miaka miwili tu. Alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 53. Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilichapwa yeye akiwa kaburini.

Haya yote hupatikana katika vitabu vya shule. Jambo ambalo halikupatikana kwa muda mrefu ni namna alivyosema alipokuwa hasemi na wasomaji. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kitabu kiitwacho Barua za Shaaban Robert 1931–1958, kilichohaririwa na Profesa Mulokozi. Barua hizo aliandikiwa nduguye, Yusuf Ulenge, na Yusuf ndiye aliyezihifadhi. Nilikinunua kwa fedha ya kiinua mgongo, nikakisoma barazani kwa siku nne. Nilitazamia kumkuta malenga ameketi akimwaga hekima. Nilimkuta kaka wa mtu, mwenye mambo ya ukoo kichwani, mwenye kuhangaikia fedha kama tunavyohangaika sote, mwenye kuandika vitabu na asijue vitapata mchapaji lini.

Lakini kila nilipofunua ukurasa, fikira zangu zilimwacha mwandishi zikamwendea mwandikiwa. Miaka 27! Hebu fikiri, msomaji, kazi ya kuhifadhi karatasi kwa miaka 27 katika nchi yetu. Mchwa wapo. Paa huvuja wakati wa masika. Mwenye nyumba hukutoa nyumbani, au ajira hukuhamisha, na katika kufunga mizigo mke husema, na hasemi vibaya, kwamba sanduku hili la makaratasi lingeweza kuchukua sufuria. Watoto hutafuta karatasi ya kutengenezea tiara. Yusuf Ulenge hakuwa na habari kwamba chuo kikuu kitakuja kubisha hodi; mwaka 1931 hapakuwa na chuo kikuu, na kaka yake alikuwa karani wa miaka 22. Alihifadhi kwa kuwa ni barua za kaka.

Nilipostaafu nilipata ada ya kwenda Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, asubuhi kabla joto halijapanda. Nilitaka kujua kama duniani walikuwako makarani wengine wa forodha waliokuwa waandishi. Wapo, tena wakubwa. Huko Marekani, katika karne ya 19, Nathaniel Hawthorne alikuwa mpimaji wa forodha katika bandari ya Boston kuanzia mwaka 1839 hadi 1841. Alisimama juu ya meli, katika baridi na vumbi, kupima makaa ya mawe na chumvi. Baadaye, mwaka 1846 hadi 1849, alikuwa ofisa katika forodha ya Salem, mji aliozaliwa, mpaka serikali ilipobadilika akatolewa kazini. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chake mashuhuri, The Scarlet Letter, nacho hufunguliwa kwa maelezo marefu ya ile ofisi ya forodha na wazee waliokuwa wakisinzia vitini humo. Nilicheka peke yangu maktabani. Wazee wale nawajua. Tulikuwa nao bandarini.

Rafiki yake, Herman Melville, aliyepata kuwa baharia katika meli za kuwinda nyangumi, alianza kwa vitabu akamalizia kwa forodha. Mwaka 1866 alipata kazi ya ukaguzi katika bandari ya New York kwa ujira wa dola 4 kwa siku, akaifanya kwa miaka 19. Alipofariki mwaka 1891 ni wachache waliokuwa wakimkumbuka.

Watu hawa wawili walijuana mwaka 1850, walipokuwa wakikaa katika milima ya Massachusetts, mwendo wa kama kilomita 10 baina ya nyumba na nyumba. Mwaka 1851 Melville alipotoa Moby-Dick alimtunukia Hawthorne kitabu hicho. Hawthorne alikisoma, akamwandikia barua. Melville alijibu kwa furaha kubwa, na jibu lake lipo mpaka leo. Wasomi hulisoma na kulirudia. Barua aliyokuwa akiijibu haipo. Imepotea. Mtu husoma shukrani nzima asijue Melville alikuwa akishukuru maneno gani.

Tena lipo jambo jingine lililonikaa moyoni. Alipokuwa akipima makaa Boston, Hawthorne alimwandikia mchumba wake, Sophia Peabody, barua nyingi mno, akimweleza uchovu wake na hamu yake. Sophia alizihifadhi. Za Sophia kwenda kwake nazo zilikuwa nyingi. Lakini mwaka 1853, alipokuwa akijitayarisha kuhamia Liverpool, Uingereza, kuwa konseli wa nchi yake, Hawthorne alizichoma moto, mamia ya barua za mkewe za wakati wa uchumba. Kwa hiyo sauti ya mume tunayo, ya mke ni majivu. Mjane huyo naye, mumewe alipofariki mwaka 1864, alizipitia karatasi za marehemu kwa mkono wake kabla ya kuzichapisha, akafuta hapa na pale mambo ambayo hakupenda yasomwe.

Sikuona haki ya kumlaumu. Hawthorne alichoma kwa kukusudia, kwa kuona kwamba maneno ya mkewe hayakuwa mali ya watu baki. Mimi sikukusudia lolote.

Kaka yangu alinizidi kwa miaka saba. Alikuwa mwalimu, na mwaka 1970 alipelekwa kufundisha Tunduru. Baba alikwisha fariki. Nilibaki mimi na Mama katika nyumba yetu ya vyumba sita, mtaa wa Narung'ombe, vyumba vinne wapangaji na viwili sisi. Kaka aliandika kila mwezi. Masika yalipoikata barabara ya kusini barua ilichelewa hata zikaja mbili kwa pamoja, ya zamani ikifunguliwa baada ya mpya, na Mama akalalamika kwamba mwanawe amepona kabla hajaugua.

Mama hakujua kusoma. Nilikuwa nikimsomea barazani baada ya magharibi, naye akichambua mchele. Kaka alifuata utaratibu wa wazee: salaamu kwanza, tena salaamu kwa majina, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa muuza kahawa wa pembeni, ndipo huja wa baadu, na habari yenyewe. Mwisho ni hesabu ya hawala aliyotuma: kiasi gani cha Mama, kiasi gani cha karo yangu ya masomo ya jioni, kiasi gani cha bati. Aliandika wima, herufi ndefu zilizojitenga, kwa wino wa buluu uliokolea.

Lazima niungame kwamba sikuwa msomaji mwaminifu. Kaka alipoandika kwamba amelala na homa siku nane, nilisoma siku mbili. Alipoandika kwamba hana blanketi, niliruka. Mahali pengine niliongeza neno tamu ambalo Kaka hakuliandika, kwa kuwa nilimwona Mama amengoja na barua haikumtaja vya kutosha. Mama alikuwa akiinua uso kutoka kwenye ungo. "Hapo umeruka," husema. Au, "Hapo umeongeza. Mwanangu hasemi hivyo." Sijui alijuaje. Nilikuwa nikirudi nyuma nikasoma kama ilivyo.

Mwaka 1983 Kaka aliugua siku sita akafariki. Alimwacha mkewe na binti wa miaka miwili. Shemeji alirudi kwao, baadaye akaolewa tena, na kati ya Dar es Salaam na Ruvuma salamu zikawa za msiba kwa msiba. Barua nilizitia katika sanduku la bati la Baba. Niliwahi kuzihesabu: zilikuwa 94. Nikaliweka sanduku katika chumba cha uani, nikaendelea na kuhesabu magunia ya watu.

Mama naye alifuata mwaka 1996. Miaka miwili baadaye ndugu tulikubaliana kuiuza nyumba, kama nyumba nyingi za Kariakoo zilivyouzwa ili ghorofa zisimame. Mnunuzi alitaka iwe tupu kufika mwisho wa mwezi. Nilikuwa zamu ya usiku. Niliwapa vijana wawili wa mtaani fedha ya chakula, nikawaambia kila kilichomo katika chumba cha uani wakiondoe: masufuria yaliyotoboka, vitanda vya kamba, makaratasi. Ndivyo nilivyosema kwa kinywa changu: makaratasi. Sanduku waliliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Yaliyokuwamo waliyauza kwa mama mmoja muuza karanga, kwa kilo.

Siku ya tano yake alinijia mzee jirani yetu, mtu ambaye kwa maisha yake yote alisoma kila kilichopita mkononi mwake, hata karatasi iliyofungia sabuni. Alikuwa ameshika karatasi yenye madoa ya mafuta na chembe za chumvi. Akaniuliza kwa upole, "Bwana mdogo, hii si hati ya marehemu kaka yako?"

Nilikwenda mbio. Yule mama aliketi pembeni ya mtaa wa Sikukuu na sinia lake, karanga zimesimama katika vikaratasi vilivyoviringishwa kama pembe. Nilipomweleza alishika kinywa. Alidhani ni madaftari ya shule, akasema, asingethubutu. Akapekua kapu lake chini ya sinia, akapata karatasi tatu. Akamwaga karanga za vikaratasi vyote vilivyobaki ili tuvitazame kimoja kimoja, na vyote vilikuwa vya gazeti. Nilitaka kumlipa karanga zake. Alikataa. Kwa hiyo nilizo nazo ni karatasi nne, ile ya mzee na tatu hizi, wala hazitoki katika barua moja.

Ya kwanza ni ya mwanzoni mwa mwaka 1976. Soko letu jipya lililobuniwa na Beda Amuli lilikuwa limefunguliwa Desemba iliyotangulia, na nilimwandikia Kaka kwa majivuno. Anauliza kama ni kweli kwamba soko lina sakafu chini ya ardhi, na kama ni kweli kwamba paa lake limejengwa lipokee maji ya mvua kama mkono wa muumini anayeomba; tena anataka kujua, mvua ikinyesha sana, wauza vitunguu wa huko chini hawataogopa? Ya pili inahusu viatu: nisimnunulie vyenye ncha, anatembea kwenye mchanga. Ya tatu inanigombeza mimi kwa kurudi usiku na kumwacha Mama peke yake, na inasema dereva mmoja amemwambia. Ya nne ni mwisho wa barua, hesabu ya hawala na sahihi yake.

Mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya soko lile kuungua usiku wa Julai 10, 2021, binti wa Kaka alikuja kwangu. Ni muuguzi sasa, mwanamke wa makamo, mrefu kama babaye. Mama yake alikuwa amefariki karibuni. Aliketi, akanywa chai, akaniuliza habari za afya yangu kwa utaratibu wa kazi yake, ndipo akasema alilolijia. "Baba Mdogo, nina picha mbili za Baba. Picha hazisemi. Mama alikuwa akiniambia kwamba Baba alikuwa hodari wa kuandika barua. Je, hamna barua yake yoyote?"

Nilimletea bahasha. Alizisoma zote nne, akarudia. Akaweka mkono wake juu ya ile ya viatu, akatoa kalamu katika mkoba akaandika neno viatu pembeni ya gazeti, akatazama. Ya Kaka ilisimama wima, ya binti ililala upande. Akatabasamu kidogo. Halafu akazipekua tena, na nilifahamu anatafuta jina lake.

"Zilikuwa ngapi, Baba Mdogo?"

Nilimwambia 94. Nilimwambia na habari za makaratasi, na za karanga, bila kuficha. Hakunigombeza, labda ingekuwa nafuu. Alikaa kimya muda mrefu, nje muuza maji akipita na toroli lake. Tena akauliza kama ilikuwako barua ya kuzaliwa kwake.

Ilikuwako. Ilifika mwaka 1981, karatasi mbili, nami nilimsomea Mama barazani. Kaka aliandika kwamba mgeni amewasili salama, kwamba ana sauti ya kumwamsha mwalimu mkuu ng'ambo ya kiwanja, kwamba wamempa jina la Bibi na Bibi asijisifu sana. Aliandika kwamba alimshika mtoto usiku kucha kwa hofu ya kumweka chini. Hilo la usiku kucha nalikumbuka wazi kabisa. Na hapo ndipo niliposhikwa na baridi, kwa sababu sikuweza kujua kama ni Kaka aliyeliandika au ni mimi niliyeliongeza kwa ajili ya Mama.

Nikamwambia hivyo, kama nilivyokwisha kukuambia wewe, msomaji. Binti akafikiri. Kisha akasema niziandike, zote ninazozikumbuka, moja moja, na mwaka wake kama naujua.

Nilinunua daftari la kurasa 200. Naandika jioni, saa ile ile niliyokuwa nikimsomea Mama. Nimefika ya 23. Nyingine zimenirudia kwa njia za ajabu: harufu ya mafuta ya taa ilinirudishia ile ya mwaka 1974, aliponunua baiskeli kwa mkopo na ikaibwa siku ya tatu na aliyeiiba akairudisha kwa kuwa haikuwa na pampu. Nyingine nakumbuka salaamu tu. Pengine naandika nusu ukurasa halafu naufuta.

Jumapili iliyopita nilimsomea binti ile ya baiskeli katika simu. Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwonya tena kwamba siwezi kuapa juu ya kila neno.

"Wewe andika tu, Baba Mdogo," akasema. "Ukiongeza nitajua."

Sijui atajuaje. Lakini Mama naye alijua.